MUTOTO ANAYEITWA MULOZI
Masomo: Mwanzo 25, 27 na 37, Wakolosayi 3:21



Tunasoma kwamba Isaka alimupenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo. Yakobo alikomaa akijua kwamba kwa baba yake hana nafasi mpaka avae nguo za ndugu yake, na mama yake ndiye aliyemufundisha hila hiyo. Ajabu ni kwamba alipozaa naye, alirudilia kosa lile lile: akamupa Yosefu kanzu nzuri, wengine wakabaki kutazama, na chuki ikaingia nyumbani.

Kwetu Karavia, na Lubumbashi yote, watoto wanajeruhiwa kwa neno moja: mulozi. Neno hili lilipata nguvu mishahara ilipokatika. Kati ya mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines. Baba hana kazi, mama amekufa, mama wa kambo ameingia, mutoto anakojoa kitandani: basi amepatikana wa kubeba lawama. Wengine walikimbilia barabarani, wakaitwa mashege. Wasalesiani wa Bakanja wanawajua.

Yule aliyebaki nyumbani, sisi tunamujua. Leo ana miaka 30, ana muke. Ukimuita, anashituka kama aliyeiba. Ukimusifu, haamini. Mboga ikikosa chumvi, anapiga muke, kisha usiku analia. Sisi tunasema ni roho mubaya, tunamufungisha siku 3. Hatumuulizi: ulipokuwa mudogo, nyumbani walikuita nani?

Tuseme wazi, hata kama wazee watanuna. Jina lile halikutoka kwa wazazi peke yao. Mara ingine lilitoka katika maombi yetu, katika kinywa cha mwenye maono, na sisi mashemasi tulisimama pale tukaitika Amina. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto zinakataza kumushitaki mutoto kwamba ni mulozi. Na Paulo alitangulia zamani sana, alipowakataza wababa kuwachokoza watoto mpaka wavunjike moyo.

Tumewaomba wazee kwamba ono lolote linalotaja mutoto lisisemwe tena mbele ya kusanyiko. Na wewe uliyeitwa hivyo ukiwa mudogo, uje siku ya nne kisha maombi. Hatutakufungisha. Tutakuomba musamaha.