Balbu ya LED: Soma Lumeni Kabla ya Wati

Wati huonyesha umeme unaotumiwa na balbu. Lumeni huonyesha mwanga inaoutoa. Balbu ya zamani ya waya ya wati 60 hutoa takribani lumeni 800. LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo. Zikiwashwa saa 5 kila siku kwa siku 30, ya kwanza hutumia uniti 9 za LUKU, ya pili uniti 1.35.

Mtumiaji anunuapo balbu madukani Isaka, azingatie haya:

1. Asome lumeni kwenye boksi. Boksi linalodai “sawa na wati 100” kwa lumeni 800 linapotosha.
2. Atafute alama ya ubora ya TBS.
3. Aijaribu dukani na adai risiti, ambayo ndiyo ushahidi wake akiuziwa bidhaa bandia.