Nani Amesema? Lugha ya Magazeti na Vyanzo vya Kijasusi

Utangulizi

Msomaji wa gazeti hukutana mara kwa mara na vifungu kama vile "imefahamika", "inasemekana" na "kwa mujibu wa duru za ujasusi". Makala haya yanashikilia kwamba vifungu hivyo si suala la mtindo pekee. Kupitia kwavyo, dai la serikali huweza kumfikia msomaji likiwa limevishwa joho la habari huru.

Usuli wa Shaka

Shaka kuhusu ukuruba wa magazeti na majasusi ina msingi katika historia. Nchini Marekani, Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church iliripoti mwaka 1976 kuwa Shirika la Ujasusi (CIA) lilikuwa limehusiana kwa siri na takriban Wamarekani 50 waliokuwa wanahabari au waajiriwa wa vyombo vya habari. Mwaka uliofuata, Carl Bernstein aliandika katika jarida la Rolling Stone kuwa waliotumika kwa miaka 25 walizidi 400.

Hata hivyo, si lazima mwanahabari asajiliwe ndipo atumike. Tarehe 8 Septemba 2002, gazeti la New York Times liliwategemea maafisa wasiotajwa majina kuripoti kuwa Iraki ilitafuta mirija ya alumini ya kurutubishia urani. Siku hiyo hiyo, Makamu wa Rais Dick Cheney aliitaja taarifa hiyo kwenye runinga kuunga mkono hoja ya serikali. Dai lilitoka serikalini, likapitia gazetini, likarejea serikalini likiwa ushahidi. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani walikuwa na maoni tofauti: mirija hiyo ilifaa zaidi kuundia roketi. Iraki ilivamiwa Machi 2003, na silaha za nyuklia hazikupatikana. Tarehe 26 Mei 2004, wahariri wa gazeti hilo walikiri kuwa baadhi ya taarifa zao hazikuchunguzwa ipasavyo.

Kauli na Mtenda

Sarufi ya Kiswahili inamsaidia msomaji kuutambua mchezo huu. Kitenzi "imeelezwa" kimo katika kauli ya kutendwa. Msomaji anaweza kuuliza: imeelezwa na nani? Kinyume chake, "imefahamika" kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo kwa kawaida haimpi mtenda nafasi katika sentensi. Aidha, nomino "duru" haidhihirishi idadi, cheo wala maslahi ya msemaji. Afisa mmoja mwenye lengo lake huweza kuitwa "duru".

Pana pingamizi hapa. Mark Felt, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa FBI, alilisaidia gazeti la Washington Post kwa siri katika kashfa ya Watergate, na akajitambulisha mwaka 2005 tu. Usiri, basi, si kosa kwa wenyewe. Tofauti ni kwamba maelezo yake yalipimwa kwa vyanzo vingine, nayo yaliwafichua wakubwa badala ya kuwatumikia.

Hitimisho

Hivyo basi, msomaji makini hukirejesha kitenzi katika kauli ya kutenda, kisha akauliza: nani amesema? Anafaidika vipi? Nani mwingine amethibitisha? Sentensi isiyoweza kujibu maswali haya haijawa habari, ingali dai.