Jedwali la parler

SWALI: Najifunza Kifaransa. Kitabuni kwangu kitenzi parler, yaani kuzungumza, kimejaza ukurasa mzima wa jedwali. Je, nikariri lote?

JIBU: Hapana, utachoka bure. Anza na wakati uliopo: je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent. Kwa maandishi ni maumbo matano. Masikioni ni matatu tu, kwa sababu parle, parles na parlent hutamkwa sawasawa.

Sasa chukua parlons, ukate -ons, ubandike -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Umepata je parlais, “nilikuwa nikizungumza”. Kwa wakati ujao usikate kitu: parler ibaki nzima, kisha ongeza -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont. Miisho hiyo imetokana na kitenzi avoir, “kuwa na”, ambacho utakihitaji hata hivyo kwa j’ai parlé, “nimezungumza”.

Ukiiweka miisho ya parlais kwenye parler nzima, unapata je parlerais, “ningezungumza”. Hapa ndipo wengi huteleza. Je parlerai na je parlerais zinatofautiana kwa herufi moja, na Wafaransa wengi wenyewe huzitamka sawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia. Tazama maana ya sentensi.

Baada ya il faut, “ni lazima”, ni que je parle, kama wakati uliopo, ila nous parlions na vous parliez. Amri kwa mtu mmoja ni parle!, bila s. Na je parlai, “nilizungumza”? Hiyo waachie waandishi wa riwaya.