Kamera ya Mgeni Ikifika Kizimbani

Wanaokuja Unguja kurekodi vipindi vya safari na mapishi wana njia yao. Wakitoka Mji Mkongwe hupita Bububu, wakakata kwenda Kidichi na Kizimbani kwenye mashamba ya viungo. Huko picha ni zilezile: gome la mdalasini linakwanguliwa, mtangazaji ananusa, kijana anakwea mnazi huku akiimba "Jambo Bwana". Usiku wapo Forodhani na "pizza ya Zanzibar".

Tuisome picha hiyo kama tunavyosoma matini darasani: nani anasema, na nini kimekatwa?

Wimbo kwanza. "Jambo Bwana" ni wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, wa miaka ya 1980. Hilo dogo. Kubwa ni karafuu. Nayo ililetwa, mwanzoni mwa karne ya 19, na Kizimbani ni kati ya mahali pa mwanzo ilipopandwa. Kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa. Mtazamaji huonyeshwa Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa, kisha shamba la viungo, kama vitu viwili visivyojuana: huzuni asubuhi, harufu nzuri mchana. Kumbe ni hadithi moja. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi hutoka Pemba. Huko mchumaji hukwea mti mrefu, na wapo wanaoanguka. Nyumbani watu huchambua makonyo, wakaanika karafuu kwenye majamvi, kisha kwa sheria ziuzwe ZSTC. Bei, sheria na mguu uliovunjika havina harufu ya kunusa mbele ya kamera.

Na Kizimbani hapohapo pana kituo cha utafiti wa kilimo, na wanafunzi wa kilimo wa SUZA. Mimi bado sijaona kipindi kilichowauliza chochote.

Si suala la roho mbaya. Anthony Bourdain, aliyekuja na CNN, kipindi kikarushwa 2014, alikuwa na sikio kuliko wengi wao. Lakini hata yeye alibanwa: Unguja na Wamasai wa bara wote ndani ya kipindi kimoja kisichofika saa nzima.

Linalotuhusu sisi ni hili. Wenzetu wanaosoma utalii Maruhubi kesho ndio waongoza watalii. Mgeni ameshaangalia kipindi kabla ya kupanda ndege, anakuja kudai alichokiona, na bakshishi inafuata hapo. Anayeijua habari ya 1872 anajifunza kunyamaza, akamwita kijana aimbe. Hapo televisheni ishakuwa mtaala.

Kwa semina ijayo, chagueni kipindi kimoja, mhesabu dakika ambazo mwenyeji anaongea bila ya kukatwa. Halafu andikeni maelezo ya dakika tano ya shamba la Kizimbani, watumwa na Pemba wakiwemo, ambayo mgeni atayasikiliza mpaka mwisho na bado atoe bakshishi.