Nyumba ya Mwashi wa Antwerp

(Soma kwanza Waebrania 11:32–40, kisha Yohana 13:1–17.)

Wasomaji wetu wakaao upande wa Mara wanawajua Wamennonite kuwa majirani zao. Wamisionari wao wa kwanza walifika Shirati mwaka wa 1934, nao walitumwa na sharika za Lancaster katika Pennsylvania, nchi ya Marekani. Kwa sababu hiyo walimu wengine hudhani ya kuwa kanisa hilo lilizaliwa Marekani. Sivyo. Wao nao ni wana wa matengenezo ya Kanisa, na umri wao ni karibu sawa na wetu. Wa kwanza wao walibatizana mjini Zürich, nchi ya Uswisi, Januari 1525. Na jina lao latokana na Menno Simons, padre wa Friesland, aliyeuacha upadre mwaka wa 1536. Leo twapenda kuwaeleza habari za nyumba moja tu ya watu hao, nyumba ya Wens.

Mjini Antwerp, bandari kubwa ambayo siku hizi ni ya Ubelgiji, palikuwa na mwashi jina lake Mattheus Wens. Pamoja na kazi yake ya kujenga alikuwa mhudumu wa usharika wa Wamennonite, uliokutana kwa siri. Mkewe aliitwa Maeyken. Mtoto wao mkubwa, Adriaen, alikuwa wa miaka kama 15, na mdogo kabisa, Hans, alikuwa wa miaka kama 3.

Mwezi wa Aprili 1573 Maeyken akakamatwa pamoja na wengine wa imani yake. Hawakuiba wala hawakumwaga damu. Kosa lao ni kubatizwa wakiwa watu wazima, kwa kuungama imani kwa kinywa chao wenyewe. Nao walikataa kuapa, wakakataa na kushika upanga. Maeyken akatiwa gerezani, mapadre wakaja kumshawishi, akateswa ili akane. Hakukana. Tarehe 5 Oktoba hukumu ikatolewa: achomwe moto hata awe majivu, na ulimi wake ukazwe kwa parafujo. Twaeleza sababu ya chuma hicho, maana wengine watauliza. Wafungwa wa namna hii walikuwa wakiwashuhudia watu hata kwenye nguzo ya moto, na wakuu hawakutaka watu wasikie.

Alipokuwa gerezani Maeyken aliandika barua kwa mumewe na kwa Adriaen, nazo zimehifadhiwa hata leo. Alimsihi mwanawe amche Mungu tangu ujana wake, ili waonane tena mahali pasipo kuachana. Kisha akatia agizo dogo la nyumbani: mara kwa mara ambebe Hans mkononi kwa ajili yake, na kama baba yao naye akiondolewa, watunzane wao kwa wao. Barua za mashahidi wa siku zile ni nyingi, na nyingine zimejaa aya za Maandiko tangu mwanzo hata mwisho. Lakini kwetu sisi agizo hili la kumbeba mtoto ni zito kuliko hizo zote. Mama huyu alijua ya kuwa hatamshika mwanawe tena, akamtafutia mikono mingine.

Kesho yake, tarehe 6, Adriaen akaenda mahali pa kuchomea watu. Hans alikuwa mkononi mwake. Akasimama juu ya benchi karibu na nguzo, apate kuona. Lakini mama yake alipoletwa, kijana akazimia, akaanguka chini, asijue neno lo lote mpaka moto ulipokwisha kazi yake. Hata watu walipokwisha kutawanyika, naye amerudiwa na fahamu, akaenda akachakura majivu, akaiona ile parafujo, akaichukua iwe ukumbusho.

Habari hizi ziliandikwa na Thieleman van Braght, mhubiri wa Dordrecht, katika kitabu kikubwa cha mashahidi kilichopigwa chapa mwaka wa 1660; na katika chapa ya mwaka wa 1685 Jan Luyken alichora picha ya watoto wa Wens wakitafuta katika majivu. Kitabu hicho kilivuka bahari. Mwaka wa 1748 na 1749 kilipigwa chapa kwa Kijerumani huko Ephrata, Pennsylvania, katika nchi ile ile ya Lancaster waliyotoka wamisionari wa Shirati.

Basi, ni nani aliyemchoma Maeyken? Ni serikali ya Philip wa Pili, mfalme wa Hispania, mfuasi wa kanisa la Roma. Mlutheri asomaye aweza kukifunga kitabu hapa na kuushukuru usafi wa mikono yake. Twamwomba asikifunge bado.

Mashahidi wa kwanza wa imani yetu walitoka mji huo huo wa Antwerp. Hendrik Vos na Johannes van den Esschen walikuwa watawa wa Augustino mjini humo, nao walichomwa moto Brussels tarehe 1 Julai 1523 kwa kushika mafundisho ya Luther. Luther mwenyewe alitunga wimbo juu yao. Tulijua, basi, harufu ya moto huo. Hata hivyo mwaka wa 1529, katika baraza la Speyer, ambapo wakuu wetu walitoa pingamizi lao kwa ajili ya dhamiri, wakuu hao hao walikubali amri ya kuwaua wabatizao mara ya pili. Januari 1530 watu 6 wakauawa Reinhardsbrunn, katika nchi ya mkuu wa Saksonia, mlinzi wa Luther. Mwaka huo huo Ungamo letu la Augsburg likawahukumu kwa jina mafundisho yao. Na mwaka wa 1536 Melanchthon aliandika shauri kwamba serikali yapaswa kuwaadhibu, hata kwa kifo. Luther akatia sahihi yake.

Ni kweli ya kuwa hofu ilikuwapo. Miaka ya 1534 na 1535 wabatizaji wenye upanga waliuteka mji wa Münster, wakafanya maovu mengi. Lakini Menno aliwapinga watu hao. Wala haikuwa lazima kukosa kupambanua: Philip, mkuu wa Hesse, aliye wa upande wetu, aliulizia shauri lile la 1536, akalisoma, wala hakumwua mtu kwa ajili ya imani yake.

Tarehe 22 Julai 2010, katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni mjini Stuttgart, wajumbe walimwomba Mungu na Wamennonite msamaha kwa mambo hayo. Juu ya ubatizo wa watoto wachanga hatujakubaliana nao hata sasa, wala msamaha haukungoja makubaliano hayo. Wajumbe walionyesha ridhaa yao kwa kupiga magoti au kusimama wakiomba. Ndipo Danisa Ndlovu, Askofu kutoka Zimbabwe, rais wa Mkutano wa Wamennonite Ulimwenguni, akamletea Askofu Mark Hanson, rais wa Shirikisho letu, zawadi. Ilikuwa chombo cha mbao, cha namna watumiayo Wamennonite katika ibada ya kutawadhana miguu.