SOMO: MIPAKA YA ASKARI KATIKA KUTUMIA BUNDUKI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wa hapa Nkome wameuliza: kijana aingia usiku ndani ya uzio wa mgodi kuokota mawe ya dhahabu, askari amwona, naye akimbia na gunia lake. Je, yafaa kumpiga risasi? Na wako watu wasemao, "Mwizi huyo, amejitakia." Mas-ala haya si madogo kwetu sisi tukaao katika nchi ya dhahabu, ambao wana wetu hutafuta riziki katika magwangala. Basi sikiliza, ewe ndugu msomaji.

Jambo la kwanza. Jua ya kuwa asili ya damu ya mwana Adamu ni haramu kumwagwa. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amefananisha kuua nafsi moja pasina haki na kuwaua watu wote. Kwa hivyo anayetaka kuua ndiye atakiwaye hoja, wala si anayetaka kuishi.

Jambo la pili. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameweka mlango khasa wa mtu anayeshambulia, nao wamwita *saili*. Imamu Nawawi katika *Minhaj* ameeleza kuwa saili huondolewa kwa lililo jepesi kwanza, kisha lifuatalo. Akizuilika kwa maneno au kwa kupigiwa kelele, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu fimbo. Na kwa fimbo, ni haramu silaha. Kuua ni mwisho wa ngazi, si mwanzo wake. Na aliyetupa gunia akakimbia si saili tena, kwani shambulio limekwisha. Amebaki kuwa mtuhumiwa, na hukumu ya mtuhumiwa iko kwa kadhi, haiko katika mtutu wa bunduki.

Jambo la tatu, sheria ya nchi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 14, imempa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Polisi yamruhusu askari kutumia bunduki juu ya mtuhumiwa wa kosa kubwa anayetoroka kizuizini, walakini kwa sharti: awe na sababu ya kuamini kuwa hapana njia nyingine ya kumzuia, na awe amekwisha kumwonya. Na kwa anayepinga kukamatwa kwa nguvu, sharti askari aone hatari ya kuumizwa vibaya yeye au mwenziwe. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliokutana Havana mwaka 1990 ulibana zaidi: kuua kwa kusudi hakufai ila pale isipoepukika kabisa ili kuokoa uhai. Tazama jinsi neno hili lilivyo karibu na waliyoyaandika mafakihi wetu karne nyingi nyuma. Na sheria yetu ya mtoro ni pana kuliko yote mawili. Yafaa wenye kutunga sheria wailinganishe.

Jambo la nne, mfano. Mwezi wa Januari 2006, wafanya biashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa taksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam. Ikasemwa kuwa ni majambazi waliokufa katika kurushiana risasi. Rais akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na uwongo ukadhihiri: walikwisha kukamatwa, kisha wakauawa katika msitu wa Pande. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamhukumu afisa mmoja kifo. Fikiri, ndugu yangu: ilitosha kuwaita majambazi, na watu wengi wakanyamaza.

Jambo la tano. Askari asiseme, "Niliamriwa." Katika madhehebu yetu, aliyejua kuwa amri ni ya dhuluma, naye hakulazimishwa, dhamana ya damu i juu yake. Na mkubwa naye hasalimiki. Sayyidna Omar alimwita mwanamke mja mzito. Kwa khofu mimba ikaharibika. Baadhi ya sahaba wakasema Omar hana lawama; Sayyidna Ali akasema diya imemlazimu, na Omar akakubali. Ikiwa khofu tu yaleta dhamana juu ya Khalifa, risasi je?

Basi jawabu ni hili: haifai kumwua kijana yule anayekimbia. Na wewe kijana, usiingie pasipo idhini, kwani mali ya mtu nayo ina hishima. Na sisi wengine tusishangilie maiti ya aliyeitwa mwizi, wala tusimchome mtu kwa kupigiwa yowe. Tulilomharimishia askari limeharimika kwetu kwanza.

Wallahu aalam.