Kimeharibika: Kitupwe au Kitengenezwe?

Katika muhula wa kwanza sisi wa Kidato cha Tatu tulifundishwa juu ya joto litokanalo na umeme. Tulipewa hesabu ya pasi: ikiwa pasi ni ya wati 1,200 na umeme wa nyumbani ni wa volti 240, je, ni ampea ngapi zipitazo? Jibu ni 5. Niliipata hesabu ile na kuwekewa alama ya vema. Wiki iyo hiyo pasi ya nyumbani kwetu ikafa, nami bingwa wa ampea sikujua hata pa kuanzia kuifungua. Ndipo nikaanza kuchunguza haya ninayowaandikia.

Pasi yenyewe haikuwa ya kunyooshea sare yangu tu. Mama yangu hufulia na kupigia watu pasi katika majumba ya ghorofa ya hapa Kileleshwa, upande wa Barabara ya Othaya. Wengine wana pasi zao, lakini wengi humpa nguo aje nazo nyumbani na kuzirudisha jioni zikiwa zimekunjwa. Kwa hivyo pasi ikilala, na sufuria pia inalala.

Mama aliirudisha katika duka la mjini alikoinunua. Muuzaji hakuitazama hata mara mbili. "Madam, hii haitengenezwi. Spea zake haziji. Nunua ingine, ziko za 2,500." Mama akamwonyesha karatasi ya waranti. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja, na pasi ilikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Sisemi kwamba pasi ilikuwa ikihesabu siku, lakini mtu akisema hivyo sitabishana naye.

Jioni ile nilitoa bisibisi nikajaribu mwenyewe. Nilipobandua kifuniko cha nyuma nilikuta skrubu mbili zenye tundu la pembe tatu. Bisibisi bapa ilikataa, na ya nyota ikakataa. Nilikaa nikizitazama zile skrubu kwa muda mrefu. Aliyetengeneza pasi ile alijua kwamba ipo siku mtu kama mimi atataka kuifungua, akaamua mapema kwamba asiweze. Hapo nikajiuliza: Mama alipolipa pesa zake, alinunua pasi au alinunua ruhusa ya kuitumia mpaka itakapokufa?

Siku ya pili tuliipeleka kwa fundi wa karibu na stendi. Alivunja zile skrubu kwa koleo, akachezacheza na nyaya dakika tano, akasema, "Lete mia mbili." Pasi ikawaka. Tulifurahi sana! Siku ya tatu pasi ikala shati la mteja mgongoni, alama nyeusi yenye umbo la pasi kamili hadi ncha. Shati lilikuwa la shilingi 1,800. Mama alilipa, na wiki hiyo hatukuzungumza sana nyumbani.

Jirani ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja mwenye kibanda katika kichochoro cha karibu na Barabara ya Luthuli, mahali ambapo redio, televisheni na spika za Nairobi zimekuwa zikiuzwa na kufunguliwa tangu zamani. Mzee huyu ana bisibisi ya pembe tatu aliyoichonga mwenyewe kwa tupa kutokana na njiti ya gurudumu la baiskeli. Aliifungua pasi, akatikisa kichwa.

"Nani aliwafungia hii waya?" akauliza.

"Fundi wa kwetu, mzee," nikajibu.

"Huyo alitaka kuwachoma na nyumba. Kuja uone, kijana."

Nitaeleza alivyonieleza, kwa maana ni somo ambalo mtihani hautuulizi. Ndani ya pasi mna kidhibiti joto. Hicho kina ubapa wa metali mbili zilizounganishwa, moja ikitanuka kuliko nyingine. Zikipata joto ubapa hupinda na kutenganisha nyaya, umeme ukakatika. Zikipoa hurudi, umeme ukapita tena. (Hili tulilisoma katika Kidato cha Kwanza, tukachora na mchoro, ila hakuna aliyetuambia kwamba limo nyumbani kwetu.) Sasa, mahali zinapogusana metali hizo paweza kuungua na kushikana kabisa zisiachane. Hapo pasi ingeendelea kuchemka bila kikomo. Ndiyo sababu huwekwa mlinzi wa pili, yaani fyuzi ya joto, kidude kidogo kama punje ndefu ya mchele, ambacho joto likizidi hujitoa mhanga na hakirudi tena.

Fyuzi ya pasi yetu ilikuwa imejitoa mhanga kwa sababu kidhibiti kilishikana. Fundi wa kwanza hakujiuliza kwa nini imekatika. Aliiondoa, akaunga waya mtupu mahali pake. Pasi ikawaka, naam, lakini ikawa haina mlinzi hata mmoja. Hivyo ndivyo shati lilivyoungua, na tulibahatika kwamba halikuwa godoro.

Mzee alitutilia fyuzi mpya ya shilingi 50, kidhibiti alichokitoa katika pasi nyingine iliyokufa kwa 150, na kazi 200. Jumla 400. Huu ni mwezi wa saba na pasi ingali inapiga nguo za Kileleshwa.

Wenzangu nilipowasimulia, mmoja alisema kisa changu chenyewe ni ushahidi kwamba wenye viwanda wana haki ya kufunga vyombo vyao, maana mtu asiyejua akifungua ataleta moto. Neno hilo si la kupuuzwa. Umeme wa volti 240 hauna urafiki. Lakini zile skrubu za pembe tatu hazikumzuia fundi mbaya, kwani alizivunja. Zilimzuia mtu aliyetaka kufungua kwa utaratibu. Tena, duka lingekuwa na ile fyuzi ya shilingi 50 na karatasi ya mchoro, fundi wa stendi angekosa sababu ya kutia waya mtupu. Ukimnyima fundi kipuri halisi ataunga kwa alichonacho.

Je, sheria yasemaje? Mwalimu wetu wa Historia na Serikali alinisaidia hapa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chasema mtumiaji ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua, kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro katika bidhaa au huduma. Kisha ikaja Sheria ya Kumlinda Mtumiaji, nayo, kwa bahati, ni Nambari 46 ya 2012. Kumbukeni 46 mara mbili.

Sheria hiyo ina sehemu nzima juu ya ukarabati wa magari na bidhaa nyinginezo, nami nilipoisoma nilitamani Mama angeijua mapema. Fundi anatakiwa kwanza akupe makadirio ya gharama kabla ya kukutoza. Akishakupa, hawezi kukudai zaidi ya makadirio hayo kwa kiasi kinachopita asilimia 10. Tena, anatakiwa ajitolee kukurudishia vipande vya zamani alivyoviondoa. Fikirini: lau fundi wa stendi angetukabidhi ile fyuzi iliyokatika, tungemuuliza, "Na mpya umeitia wapi?" Swali hilo moja lingeokoa shati. Jambo ninaloliona ni kwamba sehemu hiyo yamtazama fundi zaidi. Yule aliyeweka skrubu za pembe tatu haguswi nayo.

Kwingineko wameanza kumgusa. Ufaransa, tangu Januari 2021, simu, kompyuta za kubebeka, televisheni na mashine za kufulia zilianza kuuzwa zikiwa na alama ya kati ya 0 na 10 kuonyesha jinsi zinavyotengenezeka kwa urahisi, ili mnunuzi aone kabla ya kutoa pesa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka wa 2024 sheria inayowalazimu watengenezaji wa vyombo kadhaa, kama vile friji, mashine za kufulia na simu, kuvitengeneza hata baada ya waranti kwisha, na kuwakataza kuwawekea mafundi wengine vizuizi. Nchi wanachama zilipewa hadi Julai 2026. Pasi haimo katika orodha yao. Labda huko hakuna anayemlipia mtoto karo kwa pasi.

Na msidhani mambo haya ya kufupisha umri wa vyombo ni ya juzi. Mwaka wa 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme duniani yalikutana Geneva yakafanya mapatano yaliyoitwa Phoebus. Balbu za wakati huo ziliweza kuwaka saa 1,500 hadi 2,000. Wao wakakubaliana ziwake saa 1,000 tu, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ilitozwa faini. Nilisoma mstari huo mara tatu. Mtu anatozwa faini kwa kutengeneza kitu kizuri! Mapatano hayo yalivunjika vita vya pili vya dunia vilipoanza.

Sisi Wakenya, kwa upande wetu, tumekuwa watu wa kutengeneza kabla ya hayo yote kuandikwa. Sufuria ikitoboka yatiwa kitako kipya Gikomba. Jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo mafundi wetu walianza kulitengeneza miaka ya 1980, udongo wake ukipasuka watiwa mwingine na bati likabaki lile lile. Tairi likiisha huwa akala. Mafundi hawa wakaitwa jua kali kwa kufanya kazi juani bila paa. Shirika la Kazi Duniani liliandika juu ya wafanyakazi wa namna hiyo katika ripoti yake ya Kenya ya 1972. Mwaka wa 1985 Rais Moi aliwatembelea Kamukunji akaahidi wajengewe vibanda, na mwaka wa 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa kuendeleza jua kali. Nyanya yangu ana cherehani ya chuma inayomzidi Mama umri. Kila skrubu yake hufunguka kwa bisibisi moja, na kijitabu chake kina mchoro wa kila kipande. Walioiunda hawakuogopa aifungue.

Swali la mwisho nililojiuliza ni hili: tungaliitupa pasi ile, ingalikwenda wapi? Takataka za mitaa hii ya magharibi hupakiwa kwenye malori yakavuka jiji zima hadi Dandora. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na malori yangali yanakwenda. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yapo Gigiri hapa Nairobi, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango cha hatari kilichokuwa kikitumika. Nasi tukitupa redio na chaja hapa Kileleshwa twaona pipa limekuwa tupu, basi. Duniani kote mwaka wa 2022 zilipatikana tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hazikufika hata robo. Sheria yetu ya taka ya mwaka wa 2022 yasema mwenye kuleta bidhaa sokoni atawajibika kwa madhara yake kwa mazingira. Siku jukumu hilo litakapofika kwa wauza pasi, nina hakika spea "zisizokuja" zitajua njia.

Tangu muhula wa pili tumekuwa tukikutana Alhamisi baada ya masomo katika maabara ya Fizikia, wanachama tisa. Mwalimu ametukubalia kutumia mita ya kupimia umeme kwa masharti mawili: chombo kisichomekwe kabla hajakikagua, na tusiguse televisheni za zamani kwa sababu hubaki na umeme ndani hata zikiwa zimezimwa. Yule mzee wa Luthuli alinichongea bisibisi ya pembe tatu kwa shilingi 30, nayo ndiyo chombo kinachoazimwa kuliko vyote. Mpaka ninapoandika tumefungua redio mbili, chaja moja na birika la umeme. Redio moja inalia vizuri. Nyingine inashika stesheni moja tu, tena ya dini, nasi bado hatujajua ni kwa nini.